Kinanda cha Mbau

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Mvua nyembamba ilinyesha juu ya Butembo, ile mvua isiyomlowesha mtu upesi lakini isiyomwacha mkavu. Katika ghorofa ya pili ya jengo la maduka karibu na soko, Kavira Nadège alikuwa hewani.

Kipindi chake kiliitwa Yanayotuchosha. Kila Jumanne na Alhamisi, kwa robo saa, alichagua kero moja, akaieleza, akatoa maoni yake bila kuyapunguza makali, kisha akapokea simu. Alikwisha kuwasema waendesha pikipiki wanaopiga honi kwenye njia tupu. Alikwisha kuwasema wanaosambaza kwenye WhatsApp sala zinazotishia mkosi kwa asiyezisambaza. Alikwisha kuwasema hata watangazaji wenzake wanaosoma tangazo la kifo huku rumba ikicheza chini ya sauti yao. Siku hiyo mada ilikuwa mabanga, yaani desturi ya wanamuziki ya kutaja majina ya matajiri na marafiki katikati ya wimbo.

"Wimbo unaanza vizuri," aliwaambia wasikilizaji. "Mwanamume anamlilia mpenzi aliyemwacha. Nawe unakaribia kulia naye. Ghafla anamtaja mkurugenzi wa saruji, mwanasheria wa Kinshasa na mwenye duka la simu huko Ulaya. Mimi nauliza: mpenzi amekwenda wapi?"

Kabla hajajijibu, sauti nene ilipanda kutoka barabarani na kutikisa kioo cha dirisha.

"Haleluya! Butembo, haleluya! Un, deux, un, deux!"

Lusenge, fundi wa mitambo, aliinua mikono kama mtu aliyekamatwa. Kavira akasema kwamba utafuata muziki. Lusenge alitafuta wimbo usio na jina la tajiri, akaukosa, akaweka tangazo la sabuni. Kavira alikwisha kufika kwenye ngazi.

Alikuwa amevaa sketi ya kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, blauzi nyeusi ya mikono mipana, na viatu vilivyochukia matope. Kando ya barabara palisimama pick-up yenye spika mbili kubwa zilizofunikwa kwa turubai. Kijana mrefu mwenye koti la mvua la manjano na suruali iliyopigwa pasi alikuwa akikunja waya kuzunguka kiwiko chake, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Papa, zima hiyo kitu!"

"Bonjour, maman."

"Bonjour. Zima."

"Niko najaribisha tu sono. Kampanye ya Neno la Mungu inaanza leo saa kumi."

"Donc ujaribishe saa kumi! Niko mu direct hapa juu. Batu banasikiliza kipindi yangu, banasikia haleluya yako."

"Haleluya inamukosea nani?"

"Mimi. Na micro yangu."

Kijana akatazama juu, akaona kibao cha redio, akamtazama tena yeye. "Attends. Weye ni ule Kavira wa Yanayotuchosha?"

"Ni mimi."

"Vraiment? Mama yangu anakusikilizaka kila mara. Anasemaka: ule binti iko na kinywa mubaya, mais iko na akili."

"Umuambie wasingya, asante. Na uzime."

Akazima. Barabara ikarudi kwenye kelele zake za kawaida. "Sasa nitakusikia namna gani? Redio yangu iko ndani ya hii sono umezimisha."

Kavira hakutaka kumpa kicheko chake. Alijizuia hadi kwenye ngazi, na wasikilizaji wakasikia mwisho wa kicheko hicho maikrofoni ilipofunguliwa.

Kipindi kilipokwisha, kijana alikuwa bado mlangoni, amelowa mabega, ameshika beignets, maandazi ya moto, ndani ya karatasi. Jina lake lilikuwa Manassé Syauswa. Aliishi Beni na alikodisha vyombo vya sauti kwa harusi, matanga na mikutano ya injili. Jumapili alipiga gitaa katika kwaya ya mama yake. Kavira alikula beignet ya kwanza akiwa amekunja uso. Ya tatu aliila akicheka.

Mkutano wa injili ulidumu wiki moja, na wiki hiyo yote Manassé alijaribu spika zake baada ya kipindi, si wakati wa kipindi. Aliporudi Beni, simu ikaanza kazi.

"Chérie, umelala muzuri?"

"Muzuri wapi? Jirani yangu anafunguaka redio ya mahubiri saa kumi na moja. Kwa nguvu."

"Ni Muprotestanti?"

"Sasa nani mwingine?"

"Na kengele ya parokia yenu, ile inalia kwa siri?"

"Kengele inalia, kisha inanyamaza. Ninyi munaanza, hamumalizake."

"Kengele haina message."

"Ndiyo maana naipenda."

Kavira alimwamini Mungu kwa utaratibu. Alihudhuria misa ya kwanza, alifunga Ijumaa za Kwaresima, na hakuona sababu ya kumpigia kelele Mwenyezi kana kwamba Yeye yuko mlima wa pili. Siku moja alimweleza Manassé hivyo, bila kupaka sukari. Manassé hakukasirika.

"Batu habapige kelele juu Mungu iko mbali, Nadège. Ni juu bao ndio bako mbali."

Jibu hilo lilimkaa moyoni. Lakini, kama ilivyokuwa tabia yake, hata kabla halijatulia alikuwa akijiuliza lingefaa kipindi gani. Kila alichosikia sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji kilimjia kama mada. Hakuiona tabia hiyo kuwa kosa. Aliiita kazi.

Alasiri moja Manassé alimpigia akitoka mazoezini.

"Piano ya kwaya itaniua, chérie."

"Imefanya nini?"

"Iko na touche moja ya kubonyeza imekwama. Tunaanza wimbo, iko nasema nnnnn. Tunamaliza, nnnnn. Muchungaji anasema tufumbe macho, tunafumba, kanisa yote kimya, nnnnn. Tukisema amen, nayo inaweka amen yake nyuma."

Kavira alicheka hadi akaketi. "Basi mununue ingine!"

"Mama hataki."

"Juu ya nini?"

"Aa, tuache ile. Sikia habari ya kweli: Mama amekubali. Atakupokea samedi."

Kavira akaacha kucheka. Alijua uzito wa neno hilo. Mama Agar, mama yake Manassé, alikuwa mjane, na wanawe wengine wote walioa katika kanisa lake. Akimkubali msichana Mkatoliki nyumbani mwake, wajomba wangefunga safari hadi Butembo kujitambulisha kwa wazazi wake. Akimkataa, hakuna mjomba ambaye angewasha hata pikipiki. Kavira alimpenda Manassé kuliko alivyokuwa tayari kukiri kwa simu. Alinunua kitenge kipya kwa ajili ya Jumamosi hiyo na kumsumbua fundi wa nguo kuhusu mikono ya vazi.

Alhamisi, kabla ya Jumamosi hiyo, mgeni wa kipindi alikwama kwenye matope ya barabara. Lusenge alihesabu kwa vidole nyuma ya kioo: tano, nne, tatu. Kavira alifungua kinywa bila mada, na kinanda cha kwaya kikatoka.

Hakutaja jina. Alisema tu "kwaya moja ya Beni". Alieleza macho yaliyofumbwa, kimya cha kanisa, na amen ya mashine. Aliiga ile sauti, nnnnn, kwa ustadi mkubwa, na Lusenge akalaza kichwa mezani kwa kucheka. Simu ya kwanza ilitoka Beni.

"Madame, ile piano tunaijua! Ni ya kwaya ya Mama Agar!"

Kavira alikata. Alikuwa amechelewa. Redio yake ilifika Beni kwa shida, lakini mahali mawimbi yaliposhindwa WhatsApp haikushindwa. Kabla ya adhuhuri vijana wa pikipiki wa Beni walikuwa wakisalimiana kwa nnnnn.

Manassé alipiga saa saba. Hakusema chérie.

"Kavira."

"Sikutaja jina ya mutu, Manassé."

"Beni iko na piano ngapi zenye kulia vile?"

"Sikufikiri kama batajua."

"Hukufikiri. Mama alikuwa sokoni. Batoto bamemufuata na ile sauti mupaka ku nyumba."

"Mon Dieu."

"Unajua juu ya nini hataki piano ingine? Ile ilitoka Mbau, kwetu. Siku tulikimbia bauaji, kila mutu alibeba chenye anaweza. Bengine godoro, bengine mbuzi. Bamama ba kwaya balibeba piano ku kichwa. Ilianguka njiani, ndiyo touche ikakwama. Papa ndiye aliinunuaka. Papa hakufika Beni."

Kavira alisikia honi, muuza maji, mtu akimwita mwingine upande wa pili wa simu. Akachukua neno lililokuwa karibu.

"Hukuniambia hii yote."

"Nilikuambia ya kuchekesha. Ilikuwa ya weye na mimi."

"Uliniambia nusu! Ya kuchekesha ulinipa, ile ya kuumiza ukaificha. Mimi ningejua namna gani?"

"Hata nusu, Kavira, ilikuwa yangu."

Akakata. Kavira alipiga tena na tena. Alijibiwa na mwanamke wa kampuni ya simu, aliyemweleza kwa Kifaransa cha upole kwamba mtu anayemtafuta hapatikani. Kavira aliwahi kufanya kipindi kizima juu ya mwanamke huyo. Sasa alimchukia upya.

Ijumaa mkurugenzi wa redio alimwita. Mama Agar alikuwa amepiga simu mwenyewe kudai haki ya kujibu, na alikuwa amepewa. Kanuni ilikuwa wazi: mtu aliyesemwa vibaya hewani hujibu katika kipindi kilekile, kwa muda uleule, na mtangazaji hamkatizi.

"Robo saa," alisema Lusenge. "Weye kunyamaza robo saa. Ile nitaiweka ku archives."

Jumamosi Kavira alivaa kitenge kipya, cha bluu chenye maua meupe, akapanda teksi ya Beni ingawa hakuna aliyemwita tena. Kwenye kizuizi askari kijana aliwasimamisha huku simu yake ikicheza wimbo wa Kilingala, na mwimbaji akataja jina la jenerali, kisha la mke wa jenerali. Kavira alikunja uso kwa mazoea. Halafu akakumbuka kwamba mwimbaji huyo angalau alitaja watu waliotaka kutajwa.

Mama Agar alimkuta kwenye geti la nyumba yake. Alikuwa mwanamke mfupi, kilemba cheupe cha kwaya kichwani, unga wa muhogo mikononi. Manassé alikuwa Mangina na spika zake, kwenye harusi.

"Jambo, mama."

"Jambo. Ni weye Kavira? Sauti yako ku redio ni kubwa kukushinda."

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kuomba pardon?"

"Ndiyo. Mais si juu ya kelele. Ile sauti ya piano inachosha, na sitaki kuwadanganya mbele ya geti yenu. Naomba pardon juu Manassé aliniambia kitu sisi wawili, na mimi nikakipelekea batu bote."

Mama Agar alimpima kwa macho, toka kichwa hadi viatu.

"Ile utaomba kwa Manassé. Haiko yangu."

"Na yenye iko yenu?"

"Yangu nitaisema mardi. Robo saa yote. Na weye utanyamaza."

"Nitanyamaza, mama."

"Tutaona."

Hakufungua geti. Lakini hakuweza pia kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu, hata mgeni huyo. Akaingia ndani, akarudi na fungu la ndizi mbivu, akampitishia juu ya geti. Kavira alizibeba hadi Butembo mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwomba hata moja.

Jumanne jua lilikuwa kali. Kwaya nzima ilipanda ngazi za redio ikiwa na vilemba vyeupe, na kinanda kilipanda juu ya kichwa cha mama mmoja, bila kushikwa. Manassé alikuja nyuma yao na gitaa, shati jeupe, uso umefungwa. Alimpa Lusenge waya. Kavira alipata "bonjour" tu.

Taa nyekundu ikawaka.

"Mabibi na mabwana, leo ni haki ya kujibu," alisema Kavira. "Mama Agar wa Beni anazungumza. Mimi nanyamaza."

Mama Agar alivuta maikrofoni karibu kuliko ilivyohitajika.

"Yenye inanichosha mimi, Agar," alianza, na Lusenge akanyanyuka kitini. "Inanichosha mabinti ba redio benye kujua makosa ya muji yote, ya kwao habayajue. Inanichosha Bakatoliki benye kusema tunapigia Mungu kelele. Bao banamupigia kengele, je, Mungu iko kiziwi? Inanichosha mutoto wangu Manassé mwenye kucheka mama yake ku simu, crédit inaisha, kesho ananiomba ya kwangu."

Manassé alitazama viatu vyake. Kavira akakalia mikono yake.

"Sasa piano. Binti alisema ile touche inachosha. Ni kweli. Hata mimi inanichosha. Usiku naisikia ata haiko." Akaweka mkono juu ya kinanda. "Mais sisi batu ba Mbau tulifika hapa, tukanyamaza. Mutu anakuuliza uko nani, unanyamaza. Anakuuliza bwana yako iko wapi, unanyamaza. Ile touche ilikataa kunyamaza. Siku itachoka yenyewe, tutaizima. Nimemaliza. Sasa tunaimba, juu robo saa haijaisha."

Wakaimba. Kinanda kikaanza kabla yao, nnnnn, kama mzee anayesafisha koo. Kavira alikuwa amejiandaa kuvumilia. Lakini sauti za akina mama zilipopanda, aliona kwamba hawakuimba dhidi ya ile noti. Waliimba juu yake, wakiianza pale ilipo, kama watu wanaojenga nyumba kwenye jiwe lisilong'oka. Bado ilichosha. Hakubadili maoni. Alifuta macho kwa mkono mpana wa blauzi.

Ndipo, kati ya beti mbili, Manassé alipoinama kwenye maikrofoni huku gitaa likiendelea.

"Kavira Nadège! Mutoto wa Butembo! Kinywa mubaya, akili muzuri! Mama Agar wa Beni anakuita! Ndizi ya juu ya geti imeisha, geti iko wazi!"

Libanga. Jina lake, katikati ya wimbo, mbele ya mji mzima. Mkono wa Kavira uliruka hadi kwenye kitufe cha kuzima sauti. Lusenge alitikisa kichwa nyuma ya kioo, mwenye furaha kubwa, akiunda maneno kwa midomo: haki ya kujibu. Manassé akalirudia jina mara ya pili, kwa urefu zaidi, na Kavira akaketi na kusikiliza.

Taa ilipozimika, alimfuata kwenye ujia.

"Umeniweka ndani ya mabanga, Manassé! Mimi! Butembo yote imesikia!"

"Na Beni."

"Unajua vile nayachukia!"

"Najua. Ulisema hewani."

Kavira akavuta pumzi. "Nilikutafuta ku simu, hukuikamata. Basi nasema hapa. Pardon. Yenye utaniambia sisi wawili itabaki ya sisi wawili."

"Ata kama ni ya kuchekesha?"

Uso wa Kavira ulionyesha mateso ya kweli. "Ata kama ni ya kuchekesha sana."

"Basi na mimi pardon. Nitakuambiaka yote, si nusu." Manassé aliweka gitaa ukutani. "Nadège, utakubali nikuoe?"

"Swali gani hii unauliza mbele ya mama yako na kwaya yote?"

Kweli, vilemba vyeupe vilikuwa vimejaa mlangoni.

"Jibu kwanza, kisha ukasirike."

"Nakubali! Sasa nakasirika. Na siku ya harusi piano haifunguliwe mbele ya misa kuisha."

"Misa gani?" akauliza Mama Agar.

Ndani ya studio, kinanda ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima kilikuwa kikiendelea.

Mama Agar alichomoa waya wake, akaketi kwenye ngazi, akawapigia wajomba simu mmoja mmoja. Lusenge aliweka tangazo la sabuni. Akina mama wa kwaya walikwenda sokoni kununua viazi, maana vya Butembo ni bora kuliko vya Beni. Manassé alikunja waya kuzunguka kiwiko chake, akapakia kinanda kwenye pick-up, akakifunika kwa turubai kabla ya kujifunika mwenyewe, maana mvua ilikuwa inarudi. Kavira alikwenda kumweleza padri wake, akabishana naye, akarudi kazini. Mada aliyoipanga kwa Alhamisi ilikuwa wanaume wanaochumbia hadharani. Aliitazama, akaona kwamba ilikuwa ya watu wawili, akaiacha. Alhamisi alizungumzia matope ya barabara ya Butembo na Beni, akasema kwamba wajomba wa watu watapita hapo Jumamosi, na kwamba yeyote mwenye koleo alitakiwa kutoka nyumbani.